Lango la Tatu

Kwa Musembi, Kayole, mchezo mmoja ni shilingi ishirini.
Wavulana wa mpira wameondoka; amebaki Kwamboka,
miaka tisa, kidole juu ya kitufe chekundu.
Lango la tatu halifunguki kwa upanga:
mwanamke wa opera anaimba, nawe ushikilie
mpaka sauti yake itue.
Kitaliano hakijui. Anajua pumzi.
Mara nne amekufa kwa kuachia mapema.
"Huyu mama analilia nini?"
Musembi, akihesabu sarafu: "Labda kodi."

Halafu stima ikapotea.
Giza, harufu ya waya moto,
feni ikizunguka bado kwa mazoea tu,
na sauti nyembamba, isiyo na maneno,
ikaendelea pale ilipokatwa,
ikapanda,
ikashikilia.

Musembi hakuwasha tochi.
Hesabu ilikuwa imempotea.