Kuchambua

Dada yangu Mwanakombo alichambua karafuu
miaka thelathini, Mtambwe, ukumbi wa nyuma:
gumba likisukuma, kiganja kikizungusha,
karafuu huku, makonyo kule,
na mdomo ukisema ya watu bila kukosea pishi.

Sasa vidole vimevimba fundo kwa fundo, kama tangawizi.
Asubuhi hawezi kifungo; mjukuu humvalisha.
Spitali wameandika baridi yabisi. Yeye hucheka:
"Baridi gani hiyo, Pemba?"

Mie nafanya kazi maabara, Chake.
Nikamwambia, nduangu, nipe damu, vijiko viwili.
"Ya kufanyia nini?"
Ya kuichambua.
Akanitazama kama niliyemwibia neno.

Basi sikiliza.
Zamani tuliipima damu gunia zima.
Mizani ikasema uzito, ikasema uchafu kiasi,
lakini mpeta umejificha wapi, nani angejua?
Ndani ya gunia karafuu mbovu haina jina,
ni harufu tu, iliyogawiwa sawa kwa wasiohusika.
Leo kila seli tunaifunga peke yake
katika tone la mafuta, dogo kuliko vumbi la unga,
tunaipa namba isiyo na pacha,
kisha tunaiuliza: wewe, asubuhi ya leo,
ulikuwa unasema nini?

Seli elfu tisa, mia mbili na kumi na moja.
Zote zina kitabu kimoja, neno kwa neno,
ila kila moja imefungua ukurasa wake.
Hii inasoma namna ya kumeza kijidudu.
Hii imelala.
Hii
(hapo niliinuka kitini, chai ikamwagika)
hii inakumbuka.

Ziko seli ambazo kazi yake ni kukumbuka.
Surua ilipita tukiwa watoto, zenyewe bado zinaijua sura yake.
Ndizo zilizomlinda dada.
Na miongoni mwa hizo hizo, kikundi kidogo, mia na kitu,
kimemkosea mwenye nyumba kwa mgeni:
kinapiga mbiu dhidi ya viungo vyake mwenyewe.
Na katika ukurasa ule kilioufungua
herufi moja imegeuka.
Seli nyingine zinayo pia, lakini hapo hazifungui,
kwa hiyo kwao herufi ni bubu.

"Kumbe hata damu ina kinyongo."
Akanyamaza, akavuta kanga.
"Nani kaniandikia herufi hiyo?"

Mama.
"Mama hakuugua."
Hakuugua. Herufi si hukumu, Mwanakombo,
ni mlango usiokaza komeo.
Wengi huzeeka nao, na upepo usiusukume.
"Upepo wangu mie ulikuwa upi?"
Pengine moshi wa jiko. Pengine zile fizi zako,
pengine homa ya mwaka ule aliozaliwa Hidaya.
"Hamjui."
Hatujui.
"Na dawa?"
Ile ile ya Ijumaa.
"Vidonge sita?"
Sita.

Nikamwonyesha picha niliyotoa kwenye mashine:
nukta za rangi, maelfu, zimejikusanya visiwa visiwa
kama nchi ambayo hakuna aliyeisafiri.
Aliweka kidole chake kilichopinda
juu ya kisiwa chekundu, upande wa chini.
Kidole kikakifunika chote.
"Haka? Haka ndiko kanakoniuma?"
Na kwa mara ya kwanza mwaka huu
aliyatukana maradhi kwa raha, kwa ufasaha,
kama anayemtukana jirani mwenye jina na nyumba.

Alipokuwa akiikunja picha, kwa tabu, akauliza:
"Na wewe? Si tumenyonya ziwa moja?"
Nikasema gari la Wete litaniacha.

Sikumwambia kuwa Jumapili moja, maabara tupu,
nilijichoma mwenyewe na kuisoma.
Wala kwamba kila alfajiri, kabla ya taa,
nafumba ngumi chini ya shuka,
nafumbua,
naanza na gumba.