Baba Akagua Maji ya Warumi

Tulitoka Beja kabla jua halijapata joto,
mimi usukanini, Baba kando yangu na kofia yake nyekundu ya sufu,
Wisem kiti cha nyuma, amelala kinywa wazi.
Tulikuwa na mkate wa shayiri, zeituni, mayai sita ya kuchemsha,
na ile futi ambayo Baba haiachi nyumbani
hata akienda msikitini.

Miaka arobaini na mmoja alikuwa fundi bomba.
Beja yote anaijua kutokea chini:
choo cha nani kinavuja, na nani hajalipa.

Dugga imekaa kilimani, mizeituni imeizunguka magotini.
Mongi wa langoni alitukatia tiketi.
"Mzee, anzieni hekaluni," alisema,
Baba akamuuliza, "Maji yanaingilia wapi?"

Basi nguzo zikabaki na watalii wao.
Sisi tuliinamia mfereji, makalio juu,
kama kuku kwenye pumba.
"Ona mteremko huu. Kidole kimoja kwa hatua tatu.
Maji hayapendi kusukumwa."
Akapima. Akanyamaza. Akapima tena.
Fundi fulani, aliyekufa kabla ya babu wa babu zetu kuwa na majina,
alikuwa amepatia.
Baba, asiyesifu mtu,
aliguna mguno ambao mimi, mwanawe,
nimewahi kuusikia mara mbili.

Chooni kuna benchi la jiwe lililopinda kama kwato,
matundu kumi na mawili, wala hakuna ukuta baina ya mtu na mtu.
Wisem alikalia moja.
"Babu, walikuwa wakizungumza nini hapa?"
"Bei ya ngano," alisema Baba. "Na nani hajalipa."

Uwanjani, sakafuni, wamechonga pepo kumi na mbili,
pepo za kuvuma, si za kupandisha kichwani,
kila moja na jina lake.
Wisem alizisoma herufi kwa herufi, akitambaa,
hadi akafika kwenye Afrikus.
"Huu ni wetu?"
Sikujua la kumjibu. Nilimwambia unatoka kusini-magharibi.

Baada ya mayai, Baba hakuwepo.
Tulimkuta nyuma ya hekalu,
amesimama mahali pasipo na kitu:
mbigili, nyasi kavu, konokono weupe wameng'ang'ania mabua.
"Mlango wa Mama ulikuwa hapa," alisema. "Wa buluu.
Ukuta huu wao ulikuwa ukuta wetu wa jikoni.
Masizi yalifika pale juu. Wameyasugua."

Nina miaka arobaini na minne.
Nilijua tumetoka bondeni, kijiji kipya, nyumba za safu.
Sikujua mtu anaweza kuzaliwa humu.

"Nilikuwa na miaka minane. Walisema tunauharibu mji.
Tukashuka na magodoro, mbuzi, na mlango."
"Mlango wenyewe?"
"Mlango wenyewe. Kule chini ukakataa kuingia,
Mama akaukata kwa msumeno."

Wisem alitazama nguzo, akatazama mbigili.
"Kwa hiyo walibomoa nyumba
ili watu waone nyumba zilizobomoka?"
Hakuna aliyemjibu.
Baba alinipa ncha ya futi.
"Shika pale. Hapana, nyuma kidogo, palipokuwa na mtungi."
Tulikipima chumba kisichokuwepo,
Wisem akihesabu kwa sauti:
mita tatu na nusu, kwa mbili na themanini.
Tulilala saba, Baba alisema.
Kisha: "Nilidhani ni kikubwa."

Langoni Mongi alikuwa akifunga redio.
"Haya mzee, hekalu umeliona?"
"Tulikuwa majirani," alisema Baba,
akaingia garini.

Alilala kabla hatujafika barabara kuu.
Futi hakuikunja. Ilimtoka mkononi,
ikawa inagonga mlango kila kona,
nami sikusimama kuirudisha.