Ua Lisilo Kitabuni

Mikono ya mama haishiki tena mkasi.
Inatetemeka kama bati la jikoni
lori la chai linapopita.
Basi leo yeye ni mdomo, mimi ni vidole.

"Anza na majani. Majani ndiyo mkeka."
Nachomeka makangaga ya bondeni Kiwira,
ncha zimeungua kwa baridi ya Juni, rangi ya kutu,
kisha matawi mawili ya mbuni, matunda yameiva.
"Hilo refu liname. Lining'inie nje ya bakuli
kama mgeni aliyelewa, mkono nje ya kiti."

Bakuli ni la madini meupe, la mguu mmoja, limebonyea.
Ndicho kiinua mgongo chake:
miaka kumi na tisa nyumbani kwa meneja
kule juu, katikati ya chai,
ukungu ukiingia dirishani bila hodi.

Bibi Meneja aliyataka maua
kama ya enzi ya bibi wa bibi yake:
yajae, yabanane, yapandane mabega,
pasibaki tundu la nzi kupita.
"Juni yenu ndiyo vuli yangu," alisema,
akitafuta majani yanayokufa
Tukuyu hii, ambako hata nguzo ya uzio huchipua.
Mama akamtafutia. Alishuka na kupanda
asubuhi nzima, miguu pekupeku katika umande,
akarudi na jani moja la parachichi
lililoona haya hadi wekundu.

"Sasa dalia."
Naweka ile nyeusi-nyekundu, rangi ya ini.
"Si hivyo. Isikodolee mlango macho kama polisi.
Igeuze kidogo, iwe kama imesikia jambo."

Bibi alikuwa na kijitabu.
Kila ua, neno lake.
Dalia: heshima. Kangaga: moyo mweupe.
Krisanthemu ya njano: penzi lililodharauliwa,
na hiyo mama hakuruhusiwa kuigusa
siku bwana anapochelewa kurudi.

Ananyamaza. Kuku anakohoa uani.
"Umeleta yale?"
"Yepi, mama?"
"Ya shambani kwa Ambakisye."

Nayatoa mfukoni mwa sweta, yamesinyaa:
maua ya viazi,
zambarau iliyofuliwa mara nyingi,
kijicho cha njano katikati.

"Nilikuwa naliweka moja kila Jumamosi.
Chini, kushoto, mbele ya kiti cha bwana.
Bibi akafungua kitabu, akapekua, hakuliona.
Akasema, zuri. Akafunga kitabu."

"Na kwako lilikuwa na neno gani?"

Anavuta khanga begani, taratibu,
kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Mwaka wa kwanza, mshahara.
Uliofuata, ada yako.
Ulipougua surua, ruhusa ya siku mbili.
Kisha lile paa la jikoni.
Mwishoni sikuwa naomba kitu, Subilaga.
Nilikuwa nawasalimu tu."

Napiga hesabu kimoyomoyo, mkasi mkononi.
Barua mia tisa na ushee
zikasimama mezani kati ya supu na nyama,
wakazisogeza wapate kupitishiana chumvi,
na Jumatatu mama mwenyewe
akazitupa kwenye shimo la mbolea.

Kesho bakuli hili linakwenda kanisani,
Jumapili ya mavuno.
Litakaa kando ya magunia, mikungu ya ndizi,
jogoo aliyefungwa miguu akingoja mnada.

Nalichomeka ua la kiazi pale pa zamani, chini, kushoto.
Mkono wake unakuja ukitetemeka,
unaangusha petali mbili juu ya kitambaa cha plastiki,
unaling'oa,
unalipandisha juu ya dalia, juu ya heshima yote,
hadi kileleni, ambako halijifichi wala halipendezi.

"Na leo linasema nini?"

"Ongeza maji," anasema mama.
"Hayo yanakunywa sana."