Herufi Ndogo Chini ya Sahihi

Makasha kumi na moja. La kumi na mbili,
wanasema wanawe, lililiwa na mchwa
mwaka wa ile mvua, na hakuna ajuaye lilibeba nini.
Punda wawili waliyaleta kutoka Mkomani.
Mmoja, akingoja kushushwa mzigo,
alitafuna pembe ya faili la mahudhurio.
Nikaandika: hali, imepungua.

Mimi ni karani tu. Kazi yangu orodha:
namba, tarehe, aina ya waraka, hali yake.
Napangusa, nang'oa pini zilizoota kutu,
na kila pini imeacha doa la hudhurungi
lisilotoka hata kwa kifutio.

Marehemu Mwalimu Famau Lali Kupi,
mkuu wa chuo cha ualimu miaka kumi na tisa,
hakutupa kitu.
Stakabadhi za chaki. Stakabadhi za mafuta ya taa.
Ratiba ya mtihani nyuma ya karatasi ya halwa.
Barua kwenda Nairobi kuomba tangi la maji,
na jibu la Nairobi: lori litalishusha mlangoni pa chuo.
Pembeni, kwa wino wa kijani, neno moja:
Lori!
Na pambizoni mwa bajeti ya sabini na nane:

    Nimehesabu vitanda, havitoshi wanafunzi,
    Na mchele umepanda, kwa wapishi ni majonzi,
    Kasha ninalolilinda, halina kitu, ni panzi,

Kituo hakikuja. Labda kengele ililia.
Labda fedha zilifika, shairi likakosa sababu.

Kila barua ina sahihi yake,
F yenye mkia unaofika ukingoni.
Na chini, kushoto, pale jicho lisipokaa:
FLK/zs.

zs ni mama yangu.
Zaituni Shee. Mashine yake ilikuwa na e korofi,
inaruka juu ya mstari
kama mtoto anayechungulia dirishani kwa watu.
Habari za ofisi hakuzileta nyumbani;
alileta vidole vyeusi vya kaboni
tukavisugua kwa ndimu.
Orodha niliyopewa haina safu ya mpiga taipu.

Kasha la saba. Machi, themanini na moja.
Rasimu, mkono wa Mwalimu, wino wa kijani:
Mwanafunzi R. B., mwaka wa pili,
amebainika ana mimba. Afukuzwe mara moja.

Nyuma yake, pini ileile, kutu ileile,
nakala ya ofisi:
Apewe likizo ya mwaka mmoja, kisha arejee.
E tatu katika arejee, na zote tatu zimeruka.
FLK/zs.
Na sahihi.

Nimeiinua karatasi kwenye mwanga.
Kabla ya F pana nukta:
kalamu ilitua, ikakaa,
wino ukaenea kiasi cha punje ya mtama.
Alisoma? Au alikuwa akifikiria tangi la maji?
Au alimwita, mlango ukafungwa,
yakasemwa ambayo hayakupigwa taipu?

R. B. Katika mji kama wetu herufi mbili zatosha.
Nikiwa darasa la pili nilimwita Mwalimu.
Alikuwa na kijana mrefu, hodari wa hesabu.

Jioni nimemuuliza mama.
Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.
Akatoa chuya moja, akaitazama, akaitupa.
"Mashine ile," akasema,
"ilikuwa na makosa mengi."

Namba 7/112. Barua na rasimu yake.
Hali: nzuri.
Kando ya safu ya mwisho, kwa penseli,
ili mkubwa wangu akitaka afute,
nimeandika: zs.
Pini nimeitoa, kanuni ndivyo zisemavyo.
Karatasi mbili nimezifunga kwa uzi,
fundo mbili,
zisije zikatenganishwa.