Maswali Dukani kwa Butoyi

Unauliza maji nabadili lini.
Kila Jumamosi, na si yote:
natoa theluthi, nyingine naiacha,
maana samaki hazoei upya kwa siku moja,
kama wewe usivyozoea nyumba ya wakwe.

Ya bomba, ndiyo, ila yalale kwanza.
Ndoo wazi, usiku mzima, dawa ya mamlaka iondoke.
Ikikupiga wewe puani,
yeye itampiga mashavuni, ndani kabisa.

Ziwa liko pale chini, unasema,
ukubwa wote ule, bure,
nawe umekata kioo cha milimita sita
ukagundisha kwa silikoni
ili ufuge visamaki urefu wa kidole?
Wanaokuja kuagiza madirisha wote huniuliza hivyo.
Nawajibu kwa futi:
urefu tatu, upana moja na nusu, kina moja na nusu.
Ziwa sijawahi kulipima.

Hapana, hawaliwi.
Mgebuka analiwa, kuhe analiwa,
dagaa wa Kibirizi wanaliwa hadi Dodoma.
Hawa wanatazamwa.
Cheka tu. Lakini umesimama hapa tangu saa nne
na fremu yako nilishaimaliza.

Chakula ni kile kinachokaa
kati ya gumba na kidole cha shahada.
Asubuhi kidogo, jioni kidogo.
Kinachobaki kinaoza mchangani, na uozo hauna rafiki.
Siku niliyokwenda Kasulu msibani
jirani yangu Nyabenda, wa mgahawa, aliwaonea imani
akawamegea ugali, tonge zima.
Nikarudi nikakuta wanne matumbo juu.
Hakuna aliyekufa kwa njaa humu ndani.
Wote waliokufa, walikufa kwa huruma.

Umeme ukikatika?
Pampu inanyamaza, nami nachukua kikombe.
Chota, inua, mwaga kutoka juu, maji yashuke na hewa.
Mara mia. Pumzika. Mara mia.
Mwezi wa tatu nilimwaga hivyo
mpaka muadhini wa Mwanga akakohoa kwenye kipaza sauti,
na mkono ukawa si wangu tena.

Mawe ni ya Katonga, niliyachemsha.
Kombe lile la konokono ni nyumba ya mtu:
lisogeze inchi moja, uone atakavyolisukuma,
mchanga mdomoni, hasira mgongoni,
mpaka alirudishe pale pale.

Evodi, usigonge kioo.
Unauliza yule mweusi mbona hali.
Hawezi, mwanangu. Amejaza watoto mdomoni.
Wiki tatu sasa chakula kinapita mbele ya pua yake
naye anakitazama tu,
taya limevimba kama la mwenye jino bovu.
Akifungua kula, watatoka.
Wakitoka mapema, wale wenye milia wanawangoja.

Nani kanifundisha? Bukuru.
Alinitangulia tumboni kwa dakika nane,
na tangu siku hiyo mimi ni wa kufuata.
Alipigia mbizi watu wanaosafirisha samaki hai,
mpira wa hewa mdomoni, wavu mkononi,
akipanda juu ana baridi mpaka kwenye meno.
Huyo mweusi alimleta yeye
kwenye ndoo ya rangi, akasema, Nishikie kidogo,
akapanda gari la Mpanda, kwenye mashimo ya dhahabu.

Kidogo hiyo sasa ina miaka miwili.

Atarudi lini?
Mimi najibu ya samaki.
Mama huniuliza hilo kila Jumapili
nami nafunga mdomo, hivyo hivyo, kama huyo,
maana kuna namba ya simu niliyopigiwa mwezi wa tano
na sauti nisiyoijua iliyosema jina lake polepole,
na sijui nikifungua
kitakachotoka kitaogelea kwenda wapi.

Taa nazima saa tatu. Nao wanahitaji giza,
ingawa macho hawafumbi.

Haya, fremu yako. Elfu nne na mia tano.
Ibebe wima, kioo hakipendi kulala.