Jina la Kundi

Kwenye fomu palikuwa na nafasi: Jina la kundi.
Binti wa uandikishaji, nyuma ya meza ya plastiki,
kalamu imemganda hewani.
"Mama, andika lolote tu. Benki? Kikoba? Kanisa?"
Nikamwambia weka kistari.
Akaweka kistari, kifupi,
kama anayeona haya kwa niaba yangu.

Nauza vitasa Kariakoo, na bawaba, na kufuli.
Bawaba ya mlango wangu niliipaka mafuta tangu juzi
ili leo, saa kumi alfajiri, isiseme kitu.
Raba mkononi, pekupeku mpaka getini.
Wa bodaboda akaitazama fulana ya waridi:
"Wenzako wako wapi?"
"Wametangulia."
Uongo ule niliubeba kutoka Tandika mpaka Oysterbay
kama mwiba wa samaki kooni.

Viwanja vya Farasi: waridi mpaka macho yanauma.
Wauguzi wana filimbi. Wanasheria wana bango.
Kikoba cha Tabata wamejifunga kitenge kimoja kiunoni,
wanapigana picha, wanahesabiana kama vifaranga:
"Stumai yuko wapi? Stumai!"
Stumai alikuwa mbele yangu,
ananibana namba kifuani kwa pini nne,
maana vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka.
"Uko na nani?" pini bado mdomoni.
Wakamvuta kabla sijajibu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, najua.
Sikuja kuvunja chawa.

Mwanzoni hatukimbii, tunafurukuta tu
kama kunde chunguni.
Halafu Barabara ya Toure ikafunguka.
Akimbiaye peke yake ana masikio makubwa:
kufika kilomita ya pili nilishajua
mume wa nani amerudi na nani anaombea asirudi,
friji la mkopo limebakiza marejesho mangapi,
na mkunga mmoja, sauti inakatikakatika,
anamsimulia mwenzake mtoto aliyezaliwa usiku
amekunja ngumi.
Coco Beach, meza za mihogo zimelala kifudifudi.
Polisi wa kike kayazuia magari, tabasamu lake
kalificha chini ya kofia.

Kilomita ya sita, kichomi.
Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nimeshika ubavu,
na hapo, mbele ya geti la tajiri nisiyemjua,
nikajiambia lile ambalo nisingemwambia Stumai:
wenzangu ninao.
Ninao tele! Mama mkwe, watoto wanne, wapangaji,
vibarua wawili dukani, na Mwajabu wa duka la rangi
ambaye angekuja mbio kama angeambiwa.
Sikumwambia.
Hata bafuni kwangu mtu hubisha: mama, utatoka lini?
Mimi nilitaka kitu kimoja
kisicho na wa kugawana.
Hata kichomi hiki.
Changu.

Nikainuka. Sikukimbia vizuri.
Bibi mmoja wa kandambili alinipita,
akanipita tena, sijui alirudi kufuata nini.

Mwishoni medali, maji ya uvuguvugu, ndizi.
Kijana mwenye orodha: "Kundi?"
"Kistari."
Akaandika kwa herufi kubwa, akaita anayefuata.
Nikamwomba mtu anipige picha.
Kichwa amekikata, namba imetoka vizuri.

Saa tatu niko nyumbani. Bawaba kimya.
Mama mkwe anapeta mchele uani.
"Ulikuwa wapi?"
"Kukimbia."
"Na nani?"
Nikamwambia ukweli.
Akacheka mpaka ungo ukamtikisika mikononi,
kisha akasema vitunguu viko chini ya meza.