Daftari la Kelele

Miaka ishirini na tisa niliendesha lifti ya mlimani
pale Valparaíso: kibanda cha mbao, kamba ya chuma,
kumi wanapanda, kumi wanashuka,
wanapishana katikati kama majirani walionuniana.
Kamba ile niliijua kwa sikio.
Ikilia kri, ina kiu ya grisi.
Ikinguruma, mvua imeingia magurudumuni.
Ikinyamaza, simamisha kila kitu, mwite Baldomero.

Kwa hiyo msiniambie naogopa kuwa juu.
Naogopa kitu kisicho na kamba.

Mwanangu Yasna amejifungua huko Auckland.
Saa kumi na tatu juu ya bahari
isiyo na hata jabali la ndege mwenye manyoya kutua.
Mara mbili nilikata tiketi,
mara mbili nikageuka na sanduku langu
mlangoni mwa uwanja wa Santiago,
nikamwambia Yasna ni mgongo.
Mgongo wangu mzima. Mwongo ni mimi.

Mara ya tatu nilikuja na daftari.
Si la sala. La kazi,
lile tulilojazia hitilafu za lifti:
saa, sauti, sababu.

Saa tano na dakika arobaini usiku, kishindo chini ya miguu.
Sababu?
Nikamvuta shati mhudumu, kifuani ameandikwa Wiremu.
"Magurudumu yanaingia tumboni," akasema.
Nikaandika: magurudumu.

Dakika mbili baadaye injini zikashusha pumzi,
na moyo wangu ukashuka nazo.
Nikaukamata mkono wa jirani, mfuga nyuki wa Temuco,
mzee Curihuinca, ambaye hata salamu hatukuwa tumepeana.
"Mama," akasema, "vidole hivyo kesho nina kazi navyo."
Sababu: nguvu imepunguzwa, kwa makusudi.
Kwa makusudi. Nikapiga mstari mara mbili.

Saa tisa ikaanza kutikisika.
Si kidogo. Vikombe viliongea.
Mate yakawa na ladha ya shaba,
mwandiko ukatambaa nje ya mistari kama siafu:
inatikisika inatikisika inatikisika
na safu ya sababu ikabaki tupu.
Wiremu amejifunga mkanda kule mbele.
Mzee wa nyuki anakoroma, Mungu amsamehe.
Hapakuwa na wa kumuuliza.

Basi nikafumba macho, nikasikiliza
kama nilivyosikiliza kibandani alfajiri
kabla sijafungua mlango kwa abiria wa kwanza.
Kwanza niliuweka kando moyo wangu;
kelele ile si ya mashine yao, ni ya kwangu.
Kisha vikombe. Kisha mtoto anayelia safu ya nyuma.
Na chini ya vyote, mngurumo mmoja,
haupandi, haushuki,
hauna habari nami.
Mashine iliyoshiba grisi.
Ingekuwa lifti yangu, ningeendelea kuuza tiketi.

Nikaandika: njia mbovu. Gari zima.

Sisemi woga uliisha.
Tulikaa naye kiti kimoja mpaka mwisho,
akala nusu ya mkate wangu.
Lakini nililala dakika kumi na nane. Nimeziandika.

Tuliondoka Jumapili, tukatua Jumanne.
Jumatatu ile hakuna aliyenieleza ilidondokea wapi;
nimeitafuta daftarini, haina hata kelele.

Usiku huo Yasna alinilaza mtoto kifuani,
bado hajapewa jina, mwepesi kama kofia.
Mara akatoa sauti, kri, akatulia.
Yasna akaruka kitandani: "Mama, hiyo ni nini?"
Nikainamisha sikio.
Nikasikiliza kwa muda.
"Pua tu," nikamwambia. "Nipe ile kalamu."